Ngozi ya Ng'ombe wa Baharini

Hhando Sulle wa Dirma hajui kukaa. Chai ya asubuhi huinywa amesimama mlangoni, kikombe mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. Misa huisikiliza akiwa nyuma kabisa ya kanisa, ameegemea ukuta, tayari kutoka. Marehemu mkewe, Marieta, alikuwa akiwaambia wageni kwamba ameishi na mwanamume huyu miaka thelathini na minne na bado hajui goti lake likikunjwa linafananaje. Watu walicheka, na Marieta alicheka nao, ila ni kweli kwamba katika nyumba ile kiti cha baba mwenye nyumba ndicho pekee kilichobaki kipya.

Kinachomtembeza ni ng'ombe. Anao kumi na mmoja, lakini ukichungulia zizini kwake utakuta wanne tu. Saba wako kwa watu: mmoja kwa rafiki yake Patriki ng'ambo ya korongo, wawili Gitting, waliobaki huko na huko mpaka karibu na Mbulu. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, naye baba yake alifundishwa na wa kwake. Ugonjwa ukiingia boma moja, usikukute umeweka mali yako yote humo. Anayekufugia anakunywa maziwa na mbolea ni yake, ndama ni wako. Kazi yako wewe ni kutembea na kuuliza habari.

Ng'ombe wa namna hiyo akifa, aliyekuwa akimfuga hapigi simu. Anamchuna, anaacha masikio kwenye ngozi, anaikunja na kuibeba mwenyewe hadi kwa mwenye ng'ombe, anasimama mlangoni. Haingii. Mwenye ng'ombe anaitandaza chini, anatafuta alama yake masikioni, halafu anauliza maswali matatu: alikufa lini, alikufa na nini, na wewe ulikuwa wapi. Akiridhika anasema, "Basi ni kifo tu. Ingia ule." Asiporidhika anairudisha ngozi ile ile mikononi mwa aliyeileta, na urafiki umeishia mlangoni.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Patriki alikuja na ngozi begani, ya mmoja wa ng'ombe wawili aliokuwa akimfugia wakati ule. Hhando aliitandaza uani, akashika sikio la kushoto, akakuta mapengo mawili aliyoyakata kwa kisu chake mwenyewe. Hilo la kulia lilikuwa zima, kama ilivyo kwa ng'ombe wake wote.

"Alikufa lini?"

"Juzi Jumapili."

"Alikufa na nini?"

"Tumbo. Lilijaa hivi, hata daktari wa mifugo hakuwahi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kanisani, Hhando. Nimerudi nimekuta imelala."

Hhando alimtazama kidogo, kwa desturi tu. Nani awezaye kulinda pumzi ya mnyama saa zote? "Basi ni kifo tu," akasema. "Ingia ule."

Patriki alikula ugali na maharage ameketi, mwenyeji wake akila amesimama. Aliposhiba akauliza kwa uchokozi, "Na ile ya baharini, hajambo?"

"Hajambo," Hhando akajibu bila kucheka. "Yuko mbali sana sasa. Anaelekea jua linakotoka."

Habari ya ng'ombe wa baharini ilijulikana mnadani Katesh nzima. Ilianza mwaka jana, mwezi wa nne. Hhando alikuwa akipita mbele ya duka la steshenari la Samira, binti wa mzee Zubery mfanyabiashara, alipoitwa kutoka ndani. Samira alisoma sekondari dawati moja na Kornelia, binti pekee wa Hhando, na huyo Kornelia ndiye jina lisilotajwa katika nyumba ya baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Kornelia ametuma kitu chako." Samira akamwonyesha simu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya tufe jeupe, kubwa kama boga la kushinda yote shambani, limekaa juu ya sitaha ya meli. Ubavuni lilikuwa limechorwa alama kwa rangi nyeusi. Hhando alikaza macho yake yaliyochoka, akaona sikio, akaona mapengo mawili.

Samira alimweleza polepole. Kornelia ni fundi wa vyombo vya kupimia kwenye meli ya utafiti. Kazi yao ni kutupa maboya kama hilo katikati ya bahari. Boya halina nanga wala injini. Chini yake linaning'iniza mfuko mrefu wa kitambaa unaoshikwa na maji, kwa hiyo mkondo ukienda, nalo linakwenda. Linapima joto la bahari na presha ya hewa, linatuma habari angani kwa setilaiti, na wale wanaotabiri mvua wanaziokota. Hakuna anayelifuata kulichukua. Linatembea mwaka, au zaidi kidogo, mpaka siku litakaponyamaza.

"Kila boya lina namba, na mtu yeyote anaweza kuliona kwenye ramani," Samira akasema. "Kornelia anasema, huyu ni ng'ombe. Anaomba umwangalie."

Hhando alitoka dukani akatembea mpaka stendi, akarudi, akatembea tena. Alikuwa amefurahi na hakutaka mtu aone. Kwao, mtu aliyekosea huleta mnyama kuomba radhi. Basi, akajiambia, mtoto amejua kosa lake. Ameleta ng'ombe.

Kosa lenyewe ni hili. Marieta alifariki kwa presha, siku ya Alhamisi, miaka mitatu iliyopita. Kornelia alikuwa huko baharini, siku nyingi kutoka bandari yoyote, na meli ya watu haigeuzwi kwa ajili ya mama wa mtu mmoja. Alifika Dirma siku ya tisa baada ya mazishi, mkoba begani, midomo imepasuka kwa chumvi. Hhando alimkuta mlangoni akamzuia hapo hapo kwa swali.

"Mama yako alipokufa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mbali, baba. Sikuweza kufika."

Aliyeuliza alikuwa na maneno ya kumwambia. Alikuwa ameyasema maisha yake yote, kwa watu baki, juu ya ng'ombe. Siku ile hayakutoka. Alisimama kwenye fremu ya mlango kama kufuli, mpaka Justina, mke wa Patriki, akaja kumshika binti mkono na kumpeleka kwake. Kornelia alilala huko, na asubuhi akaondoka. Tangu hapo hakukuwa na simu ya kwenda wala ya kuja.

Kwa hiyo boya lile lilikuwa jambo kubwa, na Hhando alilichunga sawasawa. Kila siku ya mnada, na baadaye kila akipata gari, alikwenda kwa Samira. Ramani ilikuwa ya bluu tupu na doa jekundu moja, na nyuma ya doa mstari mwembamba wa njia iliyokwishapitwa. Mstari ule ulimshangaza. Ulikwenda mbele, ukajizungusha mara tatu mahali pamoja kama ndama aliyefungwa kambani, kisha ukakata shauri ukaenda zake.

"Presha yake ikoje?" lilikuwa swali lake la kwanza kila mara.

"Ya hewa, baba. Iko kawaida."

"Haijapanda?"

"Haijapanda."

"Basi vizuri," alikuwa akisema, na hapo tu ndipo alipoulizia joto la maji.

Mnadani walimwita tajiri wa bahari. Wengine walimuuliza maziwa yake yana chumvi kiasi gani. Aliwaacha waseme. Watu walianza kumuuliza mvua kwa utani, kisha baadhi yao wakamuuliza bila utani, naye aliwajibu kwa uangalifu kwamba yeye anajua habari za ng'ombe mmoja tu. Neno moja hakulisema kwa mtu: kila doa liliposogea, alihisi kwamba binti yake bado anasema naye. Mara kadhaa Samira alimnyooshea simu, "Nikupigie Kornelia, baba?" Na kila mara alikataa. Aliyeleta ng'ombe wa radhi hatimaye huja mwenyewe kusikia jibu. Yeye baba atangulie vipi?

Mwezi wa pili ukaingia na doa likasimama.

"Habari ya mwisho ni ya tarehe tisa," Samira akasema. "Alfajiri. Baada ya hapo hakuna."

"Labda amelala."

"Hawalali, baba. Labda betri imeisha. Labda amegonga mwamba, au kuna mtu amemwokota. Hatuwezi kujua."

Hhando aliitazama ile bluu. "Mwenyewe anajua?"

"Kornelia? Lazima ajue. Ndiyo kazi yake."

Kuanzia siku hiyo mtu hakumweza. Ndani ya juma moja aliwazungukia ng'ombe wake wote walioko kwa watu, mpaka wale wa karibu na Mbulu, akiwafungua midomo na kuwabonyeza mbavu, na wenyeji wakaanza kuulizana wamemkosea nini. Akirudi nyumbani anazunguka zizi. Akimaliza zizi anakwenda kwa Patriki, anafika uani, anageuka kabla hajakaribishwa. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimtoa nje. Alikuwa akimsubiri Kornelia, na alijua kwa hakika kabisa jinsi atakavyokuja. Ng'ombe wa baharini hana ngozi, sawa, lakini mtoto yule si mjinga. Ataleta kitu chochote cha kuonyesha, hata kamba. Atasimama mlangoni. Na safari hii yeye Hhando atayasema yale maneno, tena haraka, kabla hajamaliza kujibu.

Siku kumi zikapita. Siku kumi na tano. Furaha ya kusubiri ikaanza kuchacha ikawa hasira, na hasira ya Hhando ni ya zamani, inajua njia. Aliwahi kuwa na rafiki Gitting, Joakimu, aliyekaa kimya siku ishirini baada ya ng'ombe kufa mikononi mwake. Hhando alizisikia habari mnadani, kwa watu wengine. Joakimu alipokuja hatimaye na ngozi, Hhando aliirudisha bila hata kuitandaza, na mpaka leo wakikutana Katesh mmoja wao huvuka barabara. Kukaa na kifo cha ng'ombe wa mtu tumboni, huku unamtazama mwenyewe akiendelea kumhesabu, hakuna dharau inayozidi hiyo. Ndivyo alivyosema wakati ule, na alisema kwa sauti kubwa.

Siku ya ishirini na tano alipanda kwenda Katesh akaingia kwa Samira bila kupokea salamu.

"Mwandikie. Mwambie baba yako anasubiri ngozi. Mwambie siku zimepita ishirini, na anajua mimi huwafanya nini watu wa siku ishirini."

"Baba, si umpigie tu wewe mwenyewe?"

"Andika."

Samira aliandika. Jibu lilikuja kesho yake, na Hhando alikuwa pale dukani tangu linafunguliwa, akiwazuia wateja wa fotokopi kwa fimbo yake. Jibu lenyewe lilikuwa fupi sana. Samira alilisoma mara mbili. *Mwambie baba aangalie vizuri ile picha.*

"Picha nimeiangalia mwaka mzima."

"Kwenye simu, baba. Na macho yako haya." Samira alikuwa tayari ameinama kwenye kompyuta. "Ngoja niitoe kubwa."

Mashine ilikoroma, ikatema karatasi. Samira akaitoa tena kwa karatasi kubwa ya kalenda, akamtandazia juu ya kaunta. Hhando akainama mpaka pua ikakaribia wino. Sikio la kushoto, mapengo mawili. Hilo alilijua. Lakini tufe ni tufe, halikai bapa, na pale lilipoanza kupinda kwenda upande wa pili kulikuwa na sikio jingine, dogo zaidi kwa sababu ya mpindo. La kulia. Nalo lilikuwa na pengo moja.

Hhando hakuna ng'ombe aliyemkata sikio la kulia. Ila mmoja. Kornelia alikuwa na miaka saba, amelia siku mbili kwamba kaka za rafiki zake wana ndama na yeye hana, na Marieta akasema huyu ni mtoto au si mtoto? Basi Hhando akamkamata ndama jike mwekundu, akamkata mapengo yake mawili kushoto, na kulia akaongeza moja. "Hii ndiyo alama yako," alimwambia. "Ukiiona popote, huyo si wangu, ni wako." Ndama yule alikua, akazaa, ukoo wake ukaisha mwaka wa ukame. Hhando alikuwa amesahau. Mtoto hakusahau.

"Baba? Uko sawa?"

"Samira," akasema, "siku ile ya kwanza Kornelia alisemaje? Neno kwa neno."

"Alisema huyu ni ng'ombe, anaomba umwangalie."

Umwangalie. Hakusema pokea. Hakuna radhi iliyokuwa imeletwa. Binti yake aliyeachwa nje ya mlango alikuwa amechukua ng'ombe wake mwenyewe, wa pekee aliyekuwa naye, akamweka kwa baba yake amfugie, kama mtu anavyoweka kwa mtu anayemwamini. Na yeye alikuwa amekunywa maziwa mwaka mzima, kila siku ya mnada, akiyaona ni haki yake. Sasa ng'ombe amekufa, na aliyemfuga amekaa kimya siku ishirini na sita.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Akamkumbuka Joakimu wa Gitting akiwa amesimama na ngozi mikononi, jua likimpiga.

"Nitolee ile njia yake," akasema. "Yote. Tangu alipotupwa mpaka aliponyamaza."

"Itakuwa karatasi nyingi, baba."

"Zitoe. Halafu zigandishe ziwe kitu kimoja. Ukubwa wa ngozi ya ndama."

Walifanya kazi ile mpaka mchana, Samira akipaka gundi, Hhando akishikilia pembe na kulalamika kwamba mstari wa karatasi moja haukutani sawasawa na wa karatasi ya pili. Kwenye kona ya juu wakabandika alama. Ilipokauka akaikunja kama inavyokunjwa ngozi, akaifunga kwa kamba ya katani.

"Meli yao iko bandarini Tanga sasa. Nimwambie Kornelia kwamba unakwenda?" Samira akauliza.

"Ngozi haipigiwi simu, mwanangu. Niandikie tu anakaa wapi."

Alipata basi la Arusha siku hiyo hiyo, na kesho yake la Tanga. Kiti alikuwa nacho, amekilipia, lakini kondakta alichoka kumwambia mzee kaa. Karatasi aliishika kifuani. Alikuwa akiyajua maswali mawili ya kwanza na majibu yake. La tatu lilimtesa njia nzima, kwa sababu alijua jinsi mtu anavyoweza kuliuliza.

Chumba cha Kornelia kilikuwa cha tatu katika nyumba ndefu ya kupanga. Alikuwa ameinama juu ya beseni la nguo, na alipoinua kichwa alibaki hivyo hivyo, maji yakimchuruzika viwikoni. Amekonda, Hhando akaona. Amefanana na mama yake kuliko zamani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Kornelia alisogea kando kumpisha. Hhando hakusogea. Alisimama nje ya kizingiti na kile kitu mikononi, na macho ya binti yake yakashuka hadi kwenye kamba ya katani, yakaganda hapo. Alizaliwa Dirma, hakuhitaji kuelezwa. Alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo, akaitandaza sakafuni na kuiwekea sufuria kwenye pembe zisijikunje. Kisha akapiga magoti. Kidole chake kilianzia pale alipolitupa boya mwenyewe, kikafuata mstari, kikazunguka nao ile mizunguko mitatu, kikaenda mpaka mwisho. Halafu kikarudi kwenye kona kutafuta alama. Kushoto mawili, kulia moja.

"Alikufa lini?" akauliza bila kuinua uso.

"Tarehe tisa mwezi wa pili. Alfajiri. Nimechelewa kuleta, sikujua kwamba ni wako."

"Alikufa na nini?"

"Samira anasema betri. Mimi sijui. Presha yake ilikuwa nzuri mpaka siku ya mwisho, nilikuwa nauliza kila mara."

Hapo Kornelia aliinua uso. Mtoto wa jirani alipita na ndoo, akawaangalia, akaenda zake.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Alikuwa ametafuta jibu tangu Katesh, ametunga maneno mengi na kuyaacha yote njiani. Lililobaki lilikuwa moja, na aliposikia mdomo wake ukilisema alilitambua lilikotoka.

"Nilikuwa mbali, mwanangu. Sikuweza kufika. Na wewe uliniambia hivyo hivyo, nikakuacha nje. Ulikuwa umesema kweli. Nilikosa."

Kornelia aliweka kiganja chake juu ya ile karatasi, pale mstari ulipoishia. Halafu akainuka, akaja mpaka mlangoni.

"Basi ni kifo tu, baba," akasema. "Ingia ule."

Hhando akavua viatu, akaingia, akavuta kiti, akakaa.